Kamba wa Kale na Majaruba Yaliyovuja

Mlinitaka niandike machache kuhusu kazi kabla sijaondoka ofisini. Nikaona nikiandika nikiwa bado pale mtanisahihisha, kwa hiyo nikasubiri nistaafu kwanza. Sasa niko nyumbani Kaole, nina meza na feni, na hakuna wa kuniambia kwamba ripoti ina kurasa nyingi. Habari za vyeo sitazigusa. Waliovipata wanavijua, na waliovikosa wanavijua zaidi. Nitawaeleza habari za matope.

Kwa mlioingia kazini juzi, nianze na jambo lenyewe. Watu wakisikia neno visukuku hufikiria mifupa ya mijusi mikubwa. Sisi tulishughulika na alama. Kaa amechimba shimo, mnyoo amepita kwenye tope, ndege amekanyaga ufuko, halafu mchanga ukafunika na miaka ikapita mingi mpaka tope likawa gumu: ile alama hubaki. Mwenyewe ameoza zamani, hata gamba lake halionekani, lakini alichokuwa akifanya siku ile bado kinasomeka. Tena mfupa unaweza kuchukuliwa na maji ukatupwa mbali, lakini shimo halisafiri. Ukilikuta shimo la kaa ndani ya jiwe, ujue pale pale palikuwa ufukoni. Hiyo ndiyo elimu yetu. Kilichobaki ni kuinama.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na sketi iliyopigwa pasi na faili la vyeti. Nikapelekwa kwa Bwana Maganga, mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakulifungua faili.

"Kwenu wapi?" akaniuliza.

"Kaole, Bagamoyo."

"Mzaramo?"

"Ndiyo."

Akaweka kalamu chini. "Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Basi hapa kazi haitafanyika."

Nyinyi vijana mliolelewa mjini pengine hamjui. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakitembea kutoka bara hadi pwani yetu na mizigo kichwani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia maneno ambayo mwingine akiyasema mtapelekana kwa mjumbe. Ana wajibu pia: ukipata shida au msiba, anakuja. Nikamjibu kwamba babu zake walifika Bagamoyo wakapenda samaki wetu mpaka wakasahau njia ya kurudi. Akacheka, akanipa ndoo na mfuko wa unga wa jasi, akaniambia nipande gari.

Alinipeleka Kaole. Nilikuwa nimeondoka nyumbani alfajiri nikiwa nimeombewa dua na ukoo mzima, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimerudi ufukoni kwetu, sketi imekunjwa magotini, nakoroga jasi na maji kwenye ndoo na kumimina ndani ya mashimo ya kaa. Jasi ikishakauka, unachimba mchanga pembeni taratibu, unaitoa ikiwa na umbo kamili la shimo. Mama aliambiwa na majirani. Alikuja amejifunga kanga, amefadhaika.

"Wameshakufukuza?"

"Hapana, mama. Hii ndiyo kazi."

"Umesoma miaka yote hiyo uje uzibe mashimo ya kaa?"

Bwana Maganga akainuka, akafuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, mama. Anayaziba vibaya, lakini atajifunza."

Nilijifunza. Kaa wa ufukoni huchimba shimo lililopinda chini kama mpini wa mwavuli. Kuna minyoo wanaochimba mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kamba wadogo wa matopeni ndio mafundi kuliko wote: wanachimba njia ndefu zinazogawanyika kama panda ya manati, na kila tawi lina upana ule ule. Na jambo alilolirudia Bwana Maganga mpaka nikaliota ni tofauti ya shimo na mzizi. "Mchimbaji ana mwili wake," alikuwa akisema, "na mwili haupungui kwa kuwa ameshuka chini. Mzizi ndio unaopungua." Fanyeni kosa hapo, na ripoti yenu yote ni hadithi ya kubuni.

Kutembea naye kulikuwa na aibu zake. Siku moja tulisimama Chalinze kula, kwenye mgahawa uliojaa madereva wa malori. Kizingiti cha mlango kilikuwa bamba la jiwe la mchanga, na juu yake kulikuwa na mistari iliyopindapinda. Bwana Maganga akapiga magoti mlangoni na lenzi yake. Wateja waliotaka kutoka wakabaki ndani, wa nje wakabaki nje. Dereva mmoja akaniuliza kwa sauti ya huruma kama mzee amepoteza jino.

"Hapana," nikamjibu, "anasoma."

"Anasoma nini?"

"Minyoo walipita hapa."

Dereva akaangalia sahani yake ya nyama, akaisogeza mbali. Mwenye mgahawa alituomba kwa adabu tusirudi.

Kesi iliyonikaa moyoni kuliko zote haikutoka kwa kampuni yoyote. Ilitoka kwa Bi Zainabu, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waliotengeneza chumvi katika kijiji kimoja kaskazini ya mji wa Bagamoyo, njia ya kuelekea Saadani. Kijiji sikitaji, kwa sababu wahusika bado wapo na wanapenda kusoma.

Wanawake hao walikuwa na majaruba yao ya zamani ya kukaushia maji ya bahari, karibu na mkono wa bahari, wakaamua kuongeza mengine kwenye uwanda ulio nyuma ya mikoko. Walichimba kiangazi kizima kwa majembe, wakajenga matuta, wakaweka mlango wa mbao wa kuingizia maji. Kazi ni rahisi kueleza: bamvua likija, yaani maji yakijaa kupita kawaida, unafungua mlango, bahari inaingia, unafunga, unaliachia jua. Majaruba ya zamani yakatoa chumvi. Mapya yakatoa tope. Maji yalikuwa yakishuka upesi kuliko jua lolote linavyoweza kuyakausha.

Kijiji kikatafuta mtu. Akapatikana Shomari, mlinzi wa majaruba, ambaye ni mdogo wake mume wa Bi Zainabu. Shomari alijulikana kwa kupenda kamba. Ikasemwa kwamba anafungua mlango kwa siri na kutega wavu kwenye mfereji, kamba wanaingia wavuni na maji yanakwenda zake. Hakuna aliyemwona. Lakini harufu ya kamba wa nazi ilitoka jikoni kwake mara kwa mara, na hiyo ikachukuliwa kuwa ushahidi. Kaka yake, Bwana Ramadhani, mume wa Bi Zainabu, akaacha kula naye sinia moja. Watoto wa Shomari, waliokuwa wakishinda kwa baba yao mkubwa, wakazuiwa na mama yao wasiende tena. Kikao cha kumtoa kazini na kumtangaza mwizi kikapangwa baada ya sala ya Ijumaa.

Bi Zainabu alikuwa mkali lakini mwenye haki. Hakutaka kumtoa shemeji yake kwa harufu. Alikuwa amesikia habari za watu wawili wanaoziba mashimo ya kaa Kaole, akatafuta namba ya simu ya ofisi.

"Nasikia nyinyi ni wataalamu wa mashimo," akasema.

"Tunajitahidi, mama."

"Basi njooni kabla ya Ijumaa. Ama mnipe shimo, ama nimtoe mtu."

Tulimkuta Shomari amekaa kando ya mlango wa maji kwenye kiti cha plastiki. Tulipomsalimu alisimama, akatupa mkono. "Karibuni. Mimi ndiye mwizi wa maji. Zamani nilikuwa Shomari."

Aliyasema kwa kicheko, lakini nilivyomwangalia niliona amekonda, na kola ya shati ilikuwa imemzidi shingo. Aliendelea kuja kazini kila siku kwa sababu, alisema, asipokuja watasema amekimbia, na akija wanasema amerudi kuiba. Kukaa kwenye kiti kulimpunguzia kutembea.

Tulichagua jaruba lililokauka, tukachimba handaki ubavuni mwake. Juu kulikuwa na udongo wa mfinyanzi wa kijivu, mzito, mzuri kwa macho, ule ambao mtu yeyote angeuchagua kwa chumvi. Chini yake kulikuwa na mchanga. Na ndani ya ule mfinyanzi kulikuwa na mabomba ya mchanga, unene wa kidole gumba, yakishuka kutoka juu.

"Mizizi ya mikoko ya zamani," akasema Bwana Maganga upesi. "Iliishia humu humu kwenye mfinyanzi. Ilioza, mchanga ukajaa juu juu tu."

Bi Zainabu alikuwa amesimama ukingoni. "Na dawa yake?"

"Mnaongeza udongo juu, mnashindilia vizuri, basi."

"Mimi nampenda huyu mzee," akasema Bi Zainabu.

Nilishuka na lenzi na brashi. Nilisafisha bomba moja, na la pili, na la tatu. Upana ulikuwa ule ule juu na chini. Yaligawanyika kama panda. Na kwenye kuta zake kulikuwa na mikwaruzo midogo, mistari mitatu mitatu, kama mtu aliyekwangua ukoko wa wali kwa uma. Nilikaa chini ya handaki nikitafuta neno la kusema, kwa maana nilijua ninachokiona na nilijua gharama yake. Mzizi ungekuwa habari njema. Mikwaruzo ile ilikuwa ya kucha.

"Mtani," nikasema kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Akashuka, akavua miwani, akaangalia kwa muda mrefu. "Nimeiona tangu tulipoanza kuchimba," akaniambia. "Nilikuwa nangoja mtu anikatalie."

Zamani sana, kabla mikoko haijasogea hapo, uwanda ule ulikuwa ufuko wa tope gumu, na kamba walikuwa wameutoboa kila mahali. Tope lilikuwa gumu kiasi kwamba kuta zilihifadhi hata alama za kucha. Baadaye mchanga ukaingia ukajaza mashimo. Kila shimo likawa bomba kutoka juu hadi kwenye tabaka la mchanga lililo chini, na mchanga ule ulikuwa ukipitisha maji hadi kwenye mkono wa bahari. Kina mama walikuwa wanaingiza bahari kwa mlango, nayo inarudi ilikotoka kwa chini.

Kueleza ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine. Ijumaa baada ya sala watu walikuja, wanaume na kanzu zao, wanawake na kanga. Bwana Maganga akamwomba Shomari achukue kiti chake akakae katikati ya jaruba tupu, mahali ambapo kila mtu anamwona. Mlango wa maji tukaupigilia misumari. Kisha tukaingiza maji kwa pampu kwenye jaruba lililo jirani na handaki, na mimi nikayakoroga kwa bluu ya kufulia nguo niliyonunua dukani mpaka yakawa buluu kama shuka la hospitali.

Tukangoja. Mzee mmoja akaanza kulalamika kuhusu jua. Bwana Maganga akamwambia kwamba kwao Tabora jua kama hilo hulitumia kwa chai, na watu wakamcheka huyo mzee badala ya kutucheka sisi. Halafu mwanamke aliyekuwa ukingoni mwa handaki akainama.

"Yanakuja," akasema.

Chini kabisa, mahali mfinyanzi unapokutana na mchanga, midomo ya yale mabomba ilikuwa inalia buluu. Kwanza mmoja, kisha ukuta mzima. Wanawake wakashuka wakagusa kwa vidole, mmoja akajipaka kwenye kanga yake kuhakikisha. Sheikh wa kijiji akasogea, akatazama kwa makini, kisha akageuka.

"Shomari yuko wapi?"

"Niko hapa, sheikh. Kwenye kiti."

Bwana Ramadhani akateremka kutoka kwenye tuta na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akakanyaga tope lile mpaka likampanda magotini, akamfikia mdogo wake, akamshika mkono akamwinua.

"Nyumbani wamepika," akamwambia. "Twende."

Wengine wakawafuata, wanazungumza kwa sauti za chini. Bi Zainabu akabaki ameketi kwenye tuta. Niliketi pembeni yake.

"Yanazibika?" akaniuliza.

"Yako kila mahali, mama. Ukiziba hapa, maji yatapita pale."

Akatazama majaruba yote, kiangazi kizima cha mikono yao. "Basi bora angekuwa ni mwizi," akasema. "Mwizi ningemfukuza, na majaruba ningebaki nayo."

Shomari alikuwa bado hajafika mbali na alisikia. Nilidhani ataumia. Akageuka, mkono wake bado umo mkononi mwa kaka yake.

"Shemeji, basi nisingizie tena. Huenda yakashika maji."

Bi Zainabu akacheka huku machozi yanamtoka, na akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilitaka kumwomba radhi ila sikujua naomba radhi ya nini. Tangu siku hiyo nimewaambia wanafunzi wangu wote: usifurahi kwa sauti unapopata jibu sahihi. Angalia kwanza jibu hilo linamwangukia nani.

Hatukuwaacha hivyo. Tulirudi na kekee ndefu ya mkono ya kutobolea ardhi, tukautembea uwanda ule kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, tunatoa udongo na kuukata kwa kisu. Upande wa bara tulipata mfinyanzi mweusi, unaonuka, wenye vialama vyembamba kama uzi, vimelala, hakuna hata kimoja kinachoshuka. Hapo zamani palikuwa na maji yaliyotuama, yasiyo na hewa, na waliokaa humo walikuwa minyoo wachache wasio na nguvu ya kuchimba. Kamba hawakupataka. Ndipo nilipowaambia kina mama wachimbe.

Eneo lilikuwa dogo, pungufu ya nusu ya lile la kwanza. Baadhi ya wanakikundi walichoka wakajitoa, na siwalaumu. Waliobaki walichimba tena, na maji yakatulia. Chumvi ya kwanza ilipotoka Bi Zainabu alituletea mfuko ofisini. Bwana Maganga alionja, akasema ina ladha ya majembe.

Shomari walimwomba arudi kwenye ulinzi, kwa heshima, mbele ya sheikh. Alikataa. Alisema amekaa kwenye kile kiti muda mrefu na mgongo unamuuma. Alihamia Saadani kwa wakwe zake, akaanza kukausha samaki, na mpaka leo yuko huko. Kila Idi hutuma kifurushi kwa Bi Zainabu: kamba wakavu, na ujumbe wa maneno kwa yeyote anayekileta kwamba hawa wamevuliwa kwenye maji halali.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kampuni za gesi. Walichoronga miamba kwa mashine, wakashuka chini sana, wakatuletea vipande vya mawe vya mviringo vimepangwa kwenye masanduku, na vijana wenye kompyuta za mkononi. Vijana walitaka kujua ni tabaka gani linapitisha na ni lipi linazuia, na kompyuta zao ziliwapa rangi nzuri sana. Mimi niliendelea na lenzi. Mara nyingi tulikubaliana. Pale tulipopishana niliwaomba walowanishe jiwe kwa maji tu, walishike upande wa dirisha, wangoje. Shimo la kale hujitokeza jiwe likilowa. Chupa ya kunyunyizia maji, ya wauza mchicha, ndicho kifaa bora nilichopata kutumia, na niliwaachia yangu kwenye kabati la pili. Msiitumie kumwagilia maua.

Bwana Maganga alistaafu akarudi Tabora. Tulipigiana simu kila wiki kutukanana. Miaka michache kabla sijastaafu mimi, simu ilikuja kwa namba yake lakini sauti ilikuwa ya mke wake, Mama Nyamizi.

"Mtani wako ametutoka," akasema. Kisha akaongeza: "Njoo. Huku ni Wanyamwezi watupu. Hana mtu wa kumtania."

Nilipanda basi siku hiyo hiyo. Njia nzima niliandaa maneno, maana kazi ya mtani msibani ni hiyo: wengine wanalia, wewe unavuruga, ili wafiwa wapate pa kupumulia. Nilifika asubuhi ya maziko. Ndani nilikuta kofia yake ya kazini imetundikwa ukutani, nikaivaa. Walipolileta jeneza makaburini nilikuwa nimeshatangulia, nimeinama kama yeye, nachokonoa ardhi kwa kijiti.

"Simamisheni hapo," nikawaambia wabebaji. "Nani ameruhusu uchimbaji huu? Kuna aliyekagua matabaka?"

Wakasimama. Watu wakaanza kunong'ona, na mzee mmoja akaeleza wengine kwamba huyo ni mtani kutoka pwani, aachwe. Nikapiga magoti kwenye ukingo wa kaburi, nikaangalia ndani kwa lenzi, taratibu, kama alivyofanya kwenye kila shimo tulilowahi kuchimba.

"Mama Nyamizi," nikaita bila kugeuka. "Naona njia za mchwa hapa. Huku kuna mdudu mwingine, na kule chini kuna mnyoo. Usiwe na wasiwasi. Mume wako ana majirani, na wote anawajua kwa majina. Wao ndio wa kuhurumiwa, maana kuanzia leo hawatapata raha kwa maswali."

Mama Nyamizi alikuwa wa kwanza kucheka. Aliziba mdomo kwa kitenge lakini kicheko kikampita, na watoto wake wakacheka kwa sababu yeye amecheka, kisha makaburi yote. Nilikuwa na mengine mengi niliyoyaandaa kwenye basi. Nilibaki nimepiga magoti pale na kofia yake kichwani, natazama udongo ambao sikuwa tena nausoma.

Nikahisi mkono begani. Alikuwa Mama Nyamizi.

"Basi, mtani," akaniambia. "Umefanya kazi yako. Tupishe sasa, tumlaze."

Nikawapisha.